Wa Tatu Kutoka Kushoto, Waliochuchumaa

Waliokuwepo kijiweni Alhamisi ile, saa tatu asubuhi, nyuma ya soko kuu la Singida Mjini, walikuwa hawa. Bwana Antipasi Ntandu, fundi cherehani mstaafu, mzaliwa wa Manyoni, anayeitwa Refa kwa sababu hajawahi kuchezesha mechi hata moja lakini hukata kila shauri. Bwana Urbano Kijanga, kinyozi, mwenyeji wa Itigi, anayeitwa Takwimu; takwimu zake huzitoa mahali anapopajua mwenyewe. Bwana Shukuru Mpinga, dereva wa bodaboda, umri miaka thelathini na mbili, anayeitwa Chesisi kwa wembamba wake. Bi Sikudhani Issa, mwenye jiko, birika na vikombe, ambaye hana jina la utani kwa sababu ndiye anayemimina kahawa. Na mimi, Nathan Msaghaa, niliyekuwa katibu wa klabu ya Nyota ya Kindai tangu mwaka 1974 hadi 1983, ninayeitwa Rejista. Benchi letu ni ubao wa mninga uliolazwa juu ya matofali na kusogezwa ukutani kwa kinyozi, ili upepo wa Singida usituchukue na kutushusha Igunga. Hapo ndipo mambo ya nchi huamuliwa, na kesho yake huamuliwa tena, kwa kuwa hakuna anayekumbuka yalivyoamuliwa jana.

Tulikuwa tumemaliza suala la bei ya alizeti, bila bei yenyewe kujua, alipofika Bwana Manase Kitundu. Huyu ni mwenyekiti mpya wa Nyota ya Kindai, mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye bidii ambayo timu yenyewe haina. Nyota iko katika ligi ya mkoa, kwenye daraja ambalo matokeo yake hayatangazwi redioni ila msomaji akiwa na nafasi. Alikuwa amebeba bango limekunjwa begani.

Manase: Shikamooni, wazee.

Refa: Marahaba. Hilo ni zulia au umehamishwa nyumba?

Manase: Ni bango, mzee wangu. Siku ya Wakongwe ni keshokutwa Jumamosi, saa nane mchana. Kila kitu tayari. Nimepita kuwaonyesha tu.

Takwimu: Asilimia tisini ya wanaopita kuonyesha tu hukaa mpaka birika liishe.

Bi Sikudhani alikuwa ameshammiminia. Manase akaeleza mpango wake, nasi tukamsikiliza kwa adabu ya watu ambao hawakualikwa kwenye kamati. Watakaoenziwa ni kikosi cha mwaka 1979, kilichoipandisha Nyota daraja kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kati ya wale kumi na mmoja, wanne wako hai. Kila mmoja atavishwa medali, atapewa fulana yenye jina na namba yake, na ataitwa kwenye spika azunguke uwanja watu wakimpigia makofi. Wa kwanza kuitwa atakuwa Hosea Gwau, namba kumi na moja, mfungaji wa goli pekee la Jumamosi ya tarehe 24 Machi 1979, dhidi ya timu ya Itigi.

Takwimu: Goli lile lilikuwa la kuotea.

Shukuru: Mzee Takwimu, mwaka huo ulikuwa na miaka mingapi?

Takwimu: Minne.

Shukuru: Ulikuwa uwanjani?

Takwimu: Nilikuwa Itigi. Lakini habari ilifika.

Refa: Hosea namjua, lile goli amenisimulia mara nyingi kuliko alivyonisalimia. Nilipohamia hapa mwaka 1986 alikuwa amelifunga kutoka ndani ya boksi.

Takwimu: Kwenye harusi ya binti yake ilikuwa mita ishirini na tano. Nilipima kwa macho.

Sikudhani: Kwenye Idi ya juzi alinisimulia hapa hapa. Alipiga kutoka katikati ya uwanja, kwa mguu wa kushoto, jua likimpiga usoni.

Shukuru: Mwakani atalipiga kutoka stendi ya mabasi.

Wakacheka. Mimi nilikunywa kahawa. Manase akafungua bango lake, na kwa sababu ya upepo ilibidi watu wanne walishike pembe. Ilikuwa picha ya kikosi, nyeusi na nyeupe, iliyokuzwa mpaka nyuso zikawa na ukubwa wa sinia. Manase alisema aliikuta katika kabati la zamani la klabu, chini ya nyavu zilizotafunwa na panya. Nyuma yake palikuwa na majina yote, kwa mpangilio, yameandikwa kwa kalamu ya wino. Niliitambua picha kabla haijafunguka nusu.

Sikudhani: Huyu aliyeshika mpira ni nani?

Manase: Ndiye mwenyewe, mama. Hosea Gwau. Nyuma imeandikwa: waliochuchumaa, wa tatu kutoka kushoto.

Sikudhani: Hosea yupi? Huyu anayepita hapa na baiskeli kupeleka alizeti mashineni?

Manase: Huyo huyo.

Sikudhani: Mwanangu, Hosea nikisimama naye naona utosi wake. Huyu wa pichani amechuchumaa na bado anamkaribia kimo aliyesimama nyuma yake.

Tukatazamana, kama watu wanavyotazamana pale mtu anapouliza nani alivunja kikombe. Kisha kila mmoja akawa mtaalamu.

Refa: Ni kamera. Kamera za zamani zilikuwa zinavuta. Mimi nilipigwa picha ya kipaimara Manyoni mwaka 1966, nikatoka kama mlingoti.

Sikudhani: Na masikio je? Hosea masikio yake yamelala. Ya huyu yamesimama kama vipini vya sufuria.

Takwimu: Sikio la binadamu hulala kwa milimita moja kila baada ya miezi kumi na minne. Fanya hesabu.

Shukuru: Na pua?

Takwimu: Pua bado inafanyiwa utafiti.

Refa: Subirini, nimekumbuka. Enzi zile timu zilikuwa na wataalamu wao. Mchezaji hatari alikuwa anafunikwa sura ili wapinzani wasimjue. Mnaona Hosea, lakini mnaonyeshwa mtu mwingine. Dawa ile ilikuwa inatoka Rungwa, kwenye asali.

Shukuru: Sasa mzee, dawa imefunika wapinzani, imefunika na mpiga picha?

Refa: Dawa haichagui.

Shukuru: Na imekaa mpaka leo? Dawa gani hiyo, ina waranti?

Takwimu: Mimi nasema walikuwa mapacha. Asilimia nane ya wazaliwa wa Mandewa, kwao Hosea, ni mapacha. Hosea mfupi alicheza kipindi cha kwanza, Hosea mrefu akaingia cha pili. Ndiyo maana mabeki wetu wa Itigi walichanganyikiwa. Ni udanganyifu wa hali ya juu.

Sikudhani: Mama yake Hosea nilimjua. Alizaa Hosea na wasichana watano. Huyo pacha mrefu alimficha kwenye ghala?

Manase alianza kutoka jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Bango lilikuwa limeshachapwa. Fulana zilikuwa zimeshachapwa. Mgeni rasmi alikuwa ameshakubali, jambo ambalo mgeni rasmi hulifanya mara moja tu. Akauliza kwa unyonge kama kuna yeyote kati yetu anayejua historia ya Hosea mwaka ule. Hapo Refa akaweka kikombe chini, na mtu akimwona Refa anaweka kikombe chini ajue hali itakuwa mbaya.

Refa: Hosea alikwenda vita vya Uganda. Alikuwa mgambo. Hilo halina ubishi, kofia yake ninayo, aliniletea niishone.

Shukuru: Alienda lini?

Refa: Mwishoni mwa sabini na nane. Akarudi sabini na tisa, wakati mavuno yamekwisha.

Shukuru: Ngoja kwanza, babu. Mechi Machi. Yeye kaondoka kabla ya Krismasi, karudi mavuno yamekwisha. Goli alilifunga saa ngapi, alitoroka vitani wikiendi?

Takwimu: Kutoka Kampala mpaka Singida ni kilomita elfu moja na mia moja. Kwa mguu haiwezekani.

Refa: Ndiyo ninachotaka kusema. Sikilizeni vizuri. Hosea wa pichani ni mrefu. Alikwenda vitani. Aliyerudi ni mfupi. Mimi sisemi zaidi.

Sikudhani: Sema, umeshafika mlangoni.

Refa: Aliyerudi si Hosea. Ni mtu mwingine. Alichukua kofia, akachukua jina, akaja kukaa Mandewa. Huenda hata si Mtanzania. Mnaona anavyokula ndizi?

Shukuru: Duh. Hiyo sasa ni noma.

Takwimu: Inaelezea pua.

Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Mandewa, aliyebatizwa kwa maji ya hapa na kupigania mpaka wa nchi hii, alikuwa amevuliwa jina, kimo na uraia katika muda wa vikombe viwili vya kahawa, naye hakuwepo kujitetea. Niliona sina haki ya kuendelea kunywa.

Mimi: Hosea Gwau ni Hosea Gwau. Alikuwa mfupi kabla ya vita na alirudi mfupi. Huyo wa pichani anaitwa Leonidas Mkumbo, wa Misigiri. Aliyeandika jina la Hosea nyuma ya picha ni mimi.

Refa: Umesema?

Mimi: Umesikia, Antipasi.

Nikawaeleza. Dirisha la usajili lilifungwa tarehe 31 Desemba 1978. Tarehe 14 Januari 1979 kijana mmoja alishuka kwenye lori la vitunguu kutoka Misigiri, akaomba kufanya mazoezi nasi. Alicheza pekupeku. Aliwapita mabeki wawili na kocha, ambaye hakuwa anacheza bali alikuwa amesimama njiani. Hatukuweza kumsajili. Ndani ya droo yangu ilikuwepo kadi ya Hosea Gwau, winga wa akiba, ambaye aliondoka na mgambo tarehe 9 Desemba. Niliishikilia kadi juu ya mvuke wa birika mpaka picha ikabanduka. Nikabandika ya Leonidas kwa uji wa ngano. Muhuri ulikaa sawasawa. Nilikuwa na mkono mzuri.

Shukuru: Mzee Rejista. Wewe?

Mimi: Mimi. Na sikuishia hapo. Niliamuru wachezaji wote wamwite Hosea, hata mazoezini, ili siku ya mechi mwamuzi asisikie jina jingine. Katika mihutasari niliandika Hosea. Katika orodha ya safari, Hosea. Mwezi wa Februari Leonidas alifiwa na mama yake. Barua ya rambirambi ya klabu niliiandika, Kwa Ndugu Hosea Gwau.

Sikudhani: Mama yake Hosea alifariki juzi juzi, mwaka 2003.

Mimi: Ndiyo. Alikuwa mzima, anauza maziwa.

Sikudhani: Na yule aliyefiwa akaipokea?

Mimi: Aliipokea. Alinishukuru.

Refa akavuta pumzi ndefu. Alikuwa na kila sababu ya kufurahi, na hakujinyima.

Refa: Jamani. Huyu ndiye anayenisahihisha mimi kila siku. Antipasi, si Mkumba, ni Mkumbo. Antipasi, si Msengi yule, ni Msengi wa Kinampanda. Miaka thelathini nakatwa kauli kwenye benchi hili kwa sababu ya herufi moja.

Takwimu: Majina sahihi asilimia tisini na tisa. Hilo moja lililobaki ndilo lililopanda daraja.

Shukuru: Na Hosea aliporudi hakusema kitu?

Mimi: Aliposhuka kwenye basi watu, ambao wengi walilisikia jina tu, walimbeba mabegani. Alidhani ni kwa ajili ya vita. Wakamwambia ni kwa ajili ya goli. Nilimwendea sikioni, nikamwomba anyamaze mpaka msimu uishe, la sivyo tungenyang'anywa pointi. Akanyamaza. Msimu ukaisha, watu wakawa bado wanamnunulia chai. Kuhusu Uganda hakuna aliyemuuliza hata neno moja. Wote walimuuliza goli.

Sikudhani alichochea makaa, ingawa yalikuwa yanawaka vizuri.

Sikudhani: Basi na yeye akawapa goli.

Manase alikuwa ametoa mfukoni picha ndogo, ile yenyewe, pamoja na kadi na muhtasari alivyovikuta kabatini, anaigeuza picha mbele na nyuma. Ni kijana mwenye heshima. Aliniuliza polepole, kama mtu anayemvusha mzee barabara.

Manase: Mzee wangu, samahani sana. Sahihi hii ni ya nani?

Mimi: Yangu.

Manase: Na hii ya kwenye kadi? Na ya kwenye muhtasari wa tarehe 26 Machi?

Mimi: Zote zangu.

Manase: Zote zinasema Hosea Gwau. Sasa sahihi yako inasema Hosea na mdomo wako unasema Leonidas. Kamati ikiniuliza, nifuate kipi?

Mimi: Mdomo.

Manase: Mdomo hauna muhuri, mzee wangu.

Niliwafundisha vijana wa klabu ile mwenyewe, kuanzia mwaka 1974, kwamba kisichoandikwa hakikutokea.

Refa: Tena kuna hatari. Mkimtangaza huyo Leonidas kwenye spika, mmekiri. Itigi watakata rufaa.

Takwimu: Tutakata. Jumatatu asubuhi.

Refa: Wakishinda rufaa Nyota inanyang'anywa pointi za mwaka 1979. Inashushwa daraja.

Sikudhani: Ishushwe iende wapi? Chini yenu kuna timu?

Manase akafikiri kwa uaminifu.

Manase: Chini yetu kuna shule za msingi.

Shukuru: Mtapigwa na hao pia.

Wakati huo wote palikuwa na mzee mmoja amesimama karibu na pembe ya kibanda cha kinyozi, na mfuko wa vitunguu mkononi. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Sisi tulidhani anasubiri kunyolewa. Bi Sikudhani ndiye aliyemwona, maana yeye huhesabu vichwa kwa ajili ya vikombe.

Sikudhani: Karibu, mzee. Sogea ukae, Chesisi hachukui nafasi.

Yule mzee hakukaa. Akauliza.

Mgeni: Samahani, wazee. Hosea mwenyewe anasemaje?

Refa alitazama ndani ya kikombe chake. Takwimu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na namba. Tulikuwa tumemjadili Hosea Gwau kwa saa nzima na zaidi, urefu wake, masikio yake, pua yake, mama yake na nchi yake, naye anakaa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenye benchi lile, na hapakuwa na hata mmoja aliyefikiri kumuuliza.

Manase: Kadi ya mwaliko nilimwachia binti yake Jumapili. Mwenyewe sikumkuta nje. Shikamoo, mzee. Wewe ni nani kwake?

Mgeni: Marahaba. Sisi tulitumia kadi moja.

Kisha akanigeukia.

Mgeni: Shikamoo, Katibu.

Mimi: Marahaba, Leonidas.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo mbele za watu mjini Singida.

Shukuru alisimama, akampa nafasi yake yote ya benchi, ambayo kweli haikuwa kubwa. Leonidas alikaa akiunyoosha mguu wa kushoto mbele. Manase akaliangalia bango, akamwangalia yeye, akaliangalia tena bango. Masikio yalikuwa yale yale, yamesimama. Nadharia ya milimita ilikufa palepale bila kuombolezwa.

Refa: Ili tuondoe shaka kabisa, mzee mwenzangu, ungechuchumaa kidogo hapo, tukulinganishe na picha.

Leonidas: Goti hili halikunjiki tangu mwaka 1980.

Refa: Basi ushahidi umeharibika.

Sikudhani: Refa, kunywa kahawa yako.

Leonidas hakukasirika. Alieleza kwamba alisikia tangazo la Siku ya Wakongwe kwenye redio huko Misigiri. Walisoma majina. Alisubiri mpaka la mwisho, kisha akazima redio.

Leonidas: Mke wangu Theodora alikuwa amekaa pale pale, anachambua vitunguu. Nilimwoa mwaka 1982. Miaka yote nimemwambia kwamba goli la Itigi ni langu. Hajawahi kubisha. Hunijibu, sawa baba Eliana, kama unavyomjibu mtu mwenye homa. Redio ilipozimika alinitazama, akaniambia, si wamesema Hosea?

Shukuru: Ukamjibuje?

Leonidas: Nilimwambia nakwenda mjini.

Manase: Sasa mzee wangu, unataka nini hasa? Medali? Fulana?

Leonidas: Fulana mpeni Hosea, aliipata kwa kusubiri. Mimi nataka jina langu lisemwe kwenye spika mara moja, Theodora akiwa amekaa pale anasikia. Mara moja. Halafu nitarudi kuchimba vitunguu vyangu.

Takwimu alisafisha koo. Alisema kwamba kwa upande wa Itigi, ikiwa jina litasemwa mara moja tu, rufaa inaweza kufikiriwa upya. Nilimwona anatazama pembeni.

Manase ni mtu mzuri lakini ni mwenyekiti. Alitembea mpaka mwisho wa ukuta, akarudi. Akasema kamati haiwezi kubadilisha orodha kwa maneno ya katibu aliyekiri kughushi, hapo akaniomba radhi, wala kwa maneno ya mtu anayelidai goli mwenyewe, hapo akamwomba radhi Leonidas. Lakini kuna mtu mmoja ambaye neno lake litatosha. Hosea Gwau akisema mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba siku ile hakuwepo uwanjani, Manase atalifuta jina kwenye bango kwa mkono wake na kuandika jingine, na mgeni rasmi atasoma kilichoandikwa, kama kawaida ya wageni rasmi.

Refa: Hosea hatakubali. Mtu amelifunga goli miaka arobaini na kitu, leo umwambie alikuwa Uganda?

Leonidas: Atakubali.

Refa: Unajuaje?

Leonidas: Pasaka alinitumia salamu kwa dereva wa lori. Alisema, mwambie Leonidas tukutane uwanjani, na aje na mkewe.

Refa: Na aje na mkewe?

Leonidas: Alisema hivyo.

Basi hapakuwa na la kubishania, hali ambayo benchi letu halikuizoea. Manase akamwomba Shukuru aende Mandewa. Amsalimie Hosea, amweleze kwamba Leonidas Mkumbo yuko hapa, ampakie amlete, na kama hawezi kuja aseme neno lake kwenye simu Manase alisikie. Shukuru alipiga teke pikipiki mara tatu ikawaka.

Sikudhani: Mwendeshe taratibu akija nyuma. Ni mtu mzima.

Shukuru: Mama, nitambeba kama mayai.

Tulisubiri. Bi Sikudhani alimmiminia Leonidas na hakumruhusu kutoa mkono mfukoni. Refa, akijaribu kurekebisha mambo, alianza kusema kwamba yeye tangu mwanzo aliona yale masikio. Takwimu alimuuliza Leonidas kama goli lilikuwa la kuotea.

Leonidas: Lilikuwa la kuotea.

Takwimu alisogea karibu naye.

Leonidas: Nusu hatua hivi. Mshika kibendera alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Na halikuwa la mbali. Mpira ulinigonga hapa, kwenye paja, nikiwa natafuta njia ya kumkwepa kipa.

Sikudhani alicheka mpaka akashika jiko. Refa naye, na Manase, ambaye alikuwa ameandika katika hotuba ya Jumamosi maneno mkwaju mkali. Takwimu alisimama, akampa Leonidas mkono, akautikisa kwa muda mrefu kama mtu aliyeshinda kesi. Alisema kwamba keshokutwa atafunga kibanda chake cha kunyolea, na atakaa mstari wa mbele na watu wa Itigi wote waliomo mjini, na jina la Leonidas Mkumbo likisemwa watapiga makofi, kwa sababu hatimaye wamepata mtu mkweli.

Manase alitoa kalamu nene, akaisafisha ncha kwa kidole. Aliniomba nimtajie jina herufi kwa herufi ili asikosee atakapoandika. Nilimtajia. Aliandika kwanza kwenye kiganja chake, akanionyesha, nikamwambia ni sahihi.

Shukuru alirudi saa tano kasoro dakika kumi. Alikuwa peke yake. Alizima pikipiki kabla ya kufika, akaisukuma mpaka kwenye benchi, akavua kofia ngumu na kuishika kwa mikono miwili. Aliwaamkia wazee upya, kila mmoja kwa jina lake, ndipo akasema alichoambiwa na binti yake Hosea mlangoni.

Hosea Gwau alifariki asubuhi ile, saa mbili na dakika arobaini, nyumbani kwake Mandewa.